Kwa nini duka la rehani liuze vijiko vya fedha chini ya bei ya madini yake?

#1 Binti Mitali

Wakuu, salaam. Kwa kuwa lugha yetu imeyapa madini na noti jina moja, humu nikisema fedha nina maana ya madini, na nikitaka kusema noti nitasema pesa.

Ninaishi Leicester, Uingereza. Wiki mbili zilizopita niliingia katika duka la rehani, kwa kweli nikikimbia mvua tu, na ndani ya kabati la kioo la nyuma kabisa, chini ya simu zilizotumika na saa za mkononi, nikaona vijiko sita vya chai vimefungwa pamoja kwa mpira, vyeusi kana kwamba vimeshinda kwenye moshi wa kuni. Kibandiko kilisema pauni 40. Niliomba kuvishika, nikavigeuza, na nyuma ya mpini nikaona alama ndogo zimepangwa mstari: nanga (alama ya mji wa Birmingham), simba anayetembea na herufi moja. Ninavyofahamu, simba huyo ndiye shahidi wa fedha ya sterling, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Nikalipa.

Nyumbani nikavipima kwa mizani ya keki, vikawa gramu 96. Aunsi ni gramu 28.35, kwa hiyo nina aunsi 3.39, na nikiondoa shaba iliyochanganywa ndani yake zinabaki kama 3.13. Siku ile bei ya soko ilikuwa karibu pauni 25 kwa aunsi, na hesabu yangu inatoa pauni 78. Swali langu ni hili: watu ambao riziki yao ni kupima na kukopesha kwa uzito wanawezaje kuuza kitu kwa nusu ya madini yake? Je, ni bahati yangu ya siku moja, au kuna sababu inayoweza kumrudisha mtu dukani kila wiki?

#2 Mizani Mkononi

Hongera, lakini hesabu irekebishwe kabla wengine hawajaibeba. Aunsi ya madini ya thamani si ile ya unga na sukari. Ni gramu 31.1, na bei zote za soko hutangazwa kwa aunsi hiyo. Gramu 96 ukizizidisha kwa 0.925 unapata gramu 88.8 za fedha tupu, ambazo ni aunsi 2.85, yaani pauni 71. Umenunua vizuri bado, ila pauni saba zimekutoroka kwenye kikokotoo.

#3 Kinara Mzito

Dada Binti Mitali, usisherehekee mapema. Jina langu humu halikutoka hewani.

Miaka minne iliyopita nilinunua jozi ya vinara vya mishumaa katika duka la rehani kaskazini mwa London. Muhuri ulikuwa kamili, simba yupo, kichwa cha chui, alama ya London, kipo, na vinara viwili kwa pamoja vilikuwa na gramu 900. Nilipiga hesabu ya gramu 900 za fedha, nikaona muuzaji ni mjinga, nikalipa haraka nisije nikampa nafasi ya kuamka. Nilipovipeleka kwa sonara alivigeuza chini juu, akaninyooshea kidole kwenye kitako kilichobandikwa kitambaa cha kijani, akaniuliza kama ningependa akifungue. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kama lami na ufito wa chuma katikati. Ganda la fedha, vinara vyote viwili, halikufika gramu 150. Muhuri haukusema uongo, kwa sababu ganda lilikuwa sterling kweli. Aliyesema uongo ni tamaa yangu.

Vishikio vya visu vya mezani viko hivyo hivyo. Vijiko na uma ni salama zaidi kwa sababu havina tumbo la kujazwa.

#4 Mtoto wa Sonara

Nijibu swali lenyewe. Mwenye duka haangalii bei unayoiona kwenye simu. Anaangalia bei atakayolipwa na wayeyushaji, na wayeyushaji hawalipi bei kamili ya soko hata siku moja, kwa sababu wanatoa gharama ya kuyeyusha, kupima, kutenganisha shaba, na faida yao. Kwa dhahabu pengo ni dogo. Kwa fedha pengo ni kubwa, kwa sababu kazi ni ile ile na thamani ya gramu moja ni ndogo mno. Gramu 96 za dhahabu zinaenea kwenye kiganja na kulipa kodi ya duka. Gramu 96 za fedha zinakula nafasi kabatini na kumsumbua karani. Huenda vijiko vile alivinunua kaunta kwa pauni 20 pamoja na vikorokoro vingine, kwa hiyo alipokuuzia kwa 40 hakupoteza kitu. Kile mnachokiita kosa ni biashara ya kawaida.

#5 Daftari la Deni

Ninakubaliana na namba 4 kwa sehemu, lakini mmesahau sheria. Hapa Uingereza, sheria ya mikopo ya mwaka 1974 inampa mweka rehani muda usiopungua miezi sita wa kukomboa mali yake. Muda ukipita, kama mkopo haukuzidi pauni 75, mali inakuwa ya duka moja kwa moja. Kama ulizidi, duka linapaswa kuiuza, na kikipatikana zaidi ya deni na gharama, ziada ni ya mteja. Sasa fikirini: vijiko sita haviwezi kukopesheka zaidi ya pauni 75, kwa hiyo vinaangukia mikononi mwa duka bila hesabu ya kumrudishia mtu. Duka lilikwisha kusubiri miezi sita bila kulipwa, na sasa linachotaka ni kugeuza vijiko kuwa pesa zinazoweza kukopeshwa upya. Hapo ndipo bei rahisi inapotoka.

#6 Bi Hereni

Mkuu Daftari, kwenye karatasi maelezo yako yamenyooka, ila mimi nimesimama upande wa pili wa kaunta. Mwaka ule kazi ilipokatika nilipeleka dhahabu yangu na vikuku viwili vya fedha alivyoniachia bibi. Dhahabu waliipokea bila maneno. Vikuku kijana alivitazama, akavirudisha juu ya kitambaa, akasema fedha hawaweki rehani, ila kama ninataka kuviuza kabisa atanipa kiasi fulani. Kiasi chenyewe sitaki hata kukiandika. Nilikwenda maduka matatu siku ile na mawili yalinijibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo ninaamini fedha nyingi mnazoziona kwenye makabati hayo hazikuwahi kuwa rehani. Ni vitu vilivyouzwa moja kwa moja na watu waliokuwa wanasafisha nyumba za wazee waliofariki, na mtu anayesafisha nyumba hana subira ya kupima gramu. Vikuku vyangu nilirudi navyo, na ninavyo hadi leo.

#7 Ohio Baridi

Nimesoma namba 1 hadi 6 kwa furaha, lakini ninyi wa Uingereza mnaishi na anasa ambayo sisi hatuna. Marekani haina ofisi rasmi inayopiga muhuri baada ya kupima. Mtengenezaji mwenyewe huandika neno Sterling au namba 925, na kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1961 anapoandika hivyo anatakiwa aweke na jina au alama yake iliyosajiliwa, ili ijulikane nani wa kumshika akidanganya. Mimi katika maduka ya rehani hapa hutazama kwanza kama kuna alama ya mtengenezaji, kwa mfano Gorham au Towle. Mkufu ulioandikwa 925 tu, bila mwenyewe, ninauacha hapo hapo hata ukiuzwa kwa bei ya soda.

Kwa vinara vya Kinara Mzito, pole, lakini huku neno la kuonya limeandikwa chini ya kitako chenyewe: ukiona Weighted, yaani kimejazwa uzito, ujue umebeba saruji.

#8 Kinara Mzito

Ahsante kwa pole. Changu kilikuwa na kitambaa cha kijani juu ya maandishi yote.

#9 Mizani Mkononi

Naongeza sababu mbili ambazo hazijatajwa.

Ya kwanza ni kibandiko. Miaka ya karibuni bei ya fedha imepanda kwa kasi. Duka linabadilisha bei ya dhahabu kila asubuhi, lakini hakuna anayefungua kabati la nyuma kubadilisha kibandiko cha vijiko. Kibandiko cha Binti Mitali huenda kina miaka miwili.

Ya pili ni kodi. Hapa Uingereza ukinunua fedha mpya, iwe sarafu au mche, unalipa VAT ya asilimia 20, wakati dhahabu ya uwekezaji haina VAT. Kwa bidhaa nyingi zilizokwisha kutumika, mfanyabiashara anaweza kuruhusiwa kulipa kodi hiyo juu ya faida yake tu. Ndiyo maana mtu anayetaka gramu za fedha, si urembo, mara nyingi anazipata kwa nafuu zaidi katika kijiko cha mtumba kuliko katika mche unaong'aa.

#10 Mtoto wa Sonara

Hoja ya kibandiko siikubali. Kama ingekuwa hivyo, wachuuzi wa madini wangeyamaliza maduka yote ndani ya wiki ya kwanza. Wanapita humo kila Jumatatu na lenzi zao.

#11 Mizani Mkononi

Wanapita mijini wanakopata maegesho, mkuu. Kabati la nyuma la duka la mtaani wanalisahau.

#12 Shungi

Samahani kwa kuchelewa. Mimi niko Mombasa, na nilifikiri ujanja huu unahitaji Ulaya, lakini mwaka jana nilinunua kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya mwanamke mnene na mwaka 1780 umeandikwa wazi. Nililipa kwa uzito wa sterling na nikajiona nimepata kitu cha zaidi ya miaka 200 kwa bei ya bangili. Je, hiyo nayo haihesabiki kuwa bahati?

Pia niulize: nina birika lenye alama nne ndogo ndani ya ngao, E, P, N na S. Hizo ni za mji gani?

#13 Mrashi

Shungi, nitakujibu kutoka Muscat, na usinichukie.

Mwanamke yule ni Maria Theresa, aliyekuwa mtawala wa Austria, na sarafu yake ndiyo riale ambayo mababu zetu wa Pwani na Unguja walifanyia biashara. Alifariki mwaka 1780, lakini sarafu zimeendelea kupigwa karne hii na ile, Vienna na kwingineko, zote zikiwa na mwaka huo huo 1780. Kwa hiyo tarehe haikuambii umri. La pili, fedha yake si 925 bali ni 833 katika 1000. Ina gramu 28.07, na fedha tupu ndani yake ni gramu 23.4. Ukilipa kwa uzito wa sterling umelipia shaba kwa bei ya fedha.

Hilo linahusu pia mikufu, mitali na mirashi ya zamani tunayoiona katika soko la Mutrah. Masonara wa Oman waliyeyusha riale hizo kupata malighafi, kwa hiyo usitegemee 925 wala usitafute simba. Huku watu hununua kwa kumfahamu muuzaji, na kazi ya mkono mara nyingi inauzwa ghali kuliko madini. Anayeyeyusha mrashi mzuri ili apate gramu amekula hasara akidhani ameshiba.

Birika lako si la mji wowote. Herufi hizo zinasema ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme. Watengenezaji walizipanga ndani ya ngao makusudi ili zifanane na muhuri.

#14 Shungi

Nimekuelewa. Birika linaendelea na kazi yake ya chai.

#15 Binti Mitali

Ahsanteni, na Mizani nimepokea marekebisho. Nimeviosha kwa maji ya moto, magadi soda na karatasi ya foili, weusi umetoka, na sasa naona alama ya nne ambayo dukani sikuiona: kichwa cha mtu, kidogo sana, kimesuguliwa nusu. Ni cha nani, na kinabadilisha thamani?

#16 Kipusa

Hicho ni kichwa cha Malkia Victoria. Kuanzia 1784 hadi 1890 kichwa cha mtawala wa wakati huo kilipigwa kuthibitisha kwamba ushuru umelipwa. Dada, vijiko vyako ni vya karne ya 19, na duka limekuuzia mali ya makumbusho. Acheni kuzungumza gramu.

#17 Mtoto wa Sonara

Kipusa, taratibu. Miaka ya ushuru umeitaja sawasawa, lakini si kila kichwa ni cha ushuru. Mwaka 1952 hadi 1954 kilipigwa kichwa cha Malkia Elizabeth kwa ajili ya kutawazwa kwake, na kilikuwa cha hiari. Tofauti ya malkia hawa wawili ni nyepesi: Victoria anatazama kushoto kwako, Elizabeth anatazama kulia. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1930, kulikuwa na vichwa viwili pamoja, mfalme na malkia, kwa jubilii yao. Binti Mitali, chukua lenzi, simama dirishani asubuhi, utuambie pua imeelekea wapi. Tena usikisugue na dawa ya kung'arisha. Muhuri uliofutika ndio unaofanya chombo kiishie kwa wayeyushaji.

#18 Kipusa

Kwa mtaalamu narudi nyuma hatua moja. Moja tu.

#19 Bi Hereni

Wakati tunasubiri pua, kuna anayejua kupima kitu kisicho na muhuri bila kukikwaruza? Vikuku vya bibi havina alama yoyote. Sumaku haivishiki, lakini nimeambiwa hiyo haitoshi.

#20 Mizani Mkononi

Haitoshi, kwa sababu shaba, risasi na aina nyingi za nikeli ya kuchanganya hazishikwi na sumaku pia. Tumia maji. Utahitaji mizani inayosoma desimali moja ya gramu.

Mimi nilifanya hivi kwa bangili niliyoitilia shaka. Kwanza niliipima ikiwa kavu, gramu 41.4. Kisha niliweka bilauri ya maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikafunga bangili kwa uzi na kuizamisha yote huku nimeshika uzi, bila bangili kugusa kuta wala kitako cha bilauri. Mizani ikasoma 4.0. Ukigawanya 41.4 kwa 4.0 unapata 10.35, na sterling ni kama 10.36, kwa hiyo nikatulia. Ingekuwa shaba nyeupe au nikeli, jibu lingekuwa chini ya 9. Toa mapovu ya hewa kwa kuitikisa kidogo, la sivyo utapata jibu la uongo.

#21 Kinara Mzito

Na kama kikuku kina uwazi ndani, au mawe, au kimejazwa nta, kipimo hicho hakina maana. Mali ya bibi nyingi ni ya uwazi ili isimchoshe mguu. Ninasema kama mtu aliyefundishwa na lami.

#22 Daftari la Deni

Bila kutoka kwenye mada: anayenunua kwa mtu binafsi kwa bei hizi za maajabu aombe risiti. Duka la rehani angalau limeandika jina na kitambulisho cha aliyeleta. Mtu wa sokoni mwenye vijiko kumi na viwili ndani ya soksi hana daftari.

#23 Ohio Baridi

Mkuu, soksi umeitoa wapi? Mimi nilinunua uma nane ndani ya soksi mwaka jana.

#24 Daftari la Deni

Basi soksi yako ina historia kuliko vijiko vya Victoria.

#25 Binti Mitali

Wakuu, nimesimama dirishani na lenzi. Pua inatazama kulia. Mtoto wa Sonara ameshinda, ni Elizabeth.

Lakini kuna jambo jingine, na nimelinyamazia tangu asubuhi. Nilipokuwa navipanga kwa mwanga nimegundua kwamba vijiko vitano ndivyo vyenye nanga na simba. Cha sita kinafanana navyo kwa umbo na hata kwa maua ya mpini, lakini nyuma yake kina herufi nne ndani ya ngao, zile zile za birika la Shungi. Kilikuwa juu kabisa katika fungu, mimi dukani nikageuza cha chini. Chenyewe kina gramu 17, kwa hiyo sterling yangu ni gramu 79, na kwa bei ya siku ile ni pauni 58 na kitu.

#26 Mtoto wa Sonara

Hapo sasa jibu limepatikana. Karani aligeuza cha juu, akasoma kupakwa, akaandika bei ya fungu zima.

#27 Bi Hereni

Kama alisoma kupakwa asingeandika 40. Vijiko sita vya kupakwa vinauzwa pauni tano kwenye meza ya msaada. Mimi nadhani aliona vyote na akapunguza kidogo kwa ajili ya cha sita.

#28 Mizani Mkononi

Na mimi bado nasema ni kibandiko cha zamani. Binti Mitali, nyuma ya kibandiko kwa kawaida kuna tarehe ya kuingia dukani. Unacho bado?

#29 Binti Mitali

Nilikitupa pamoja na ule mpira. Kesho nina zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi nitapita tena. Nilipokuwa nalipa niliona kwenye kabati lile lile koleo za sukari, ila zilikuwa upande wa ndani na sikuomba kuzigeuza.